Daktari Apite Kwanza

Wiki jana nilikuwa kliniki ndogo ufuoni Luanda Kotieno. Chumbani, daktari aliyeko Kisumu alikuwa akimweleza mama mjamzito kwa video jinsi mtoto alivyolala tumboni. Video ikakwama. Sisi wa kwenye benchi tulikuwa tukitazama mpira kwa intaneti hiyo hiyo.

Fundi wa kliniki akafungua laptopu, akarekebisha swichi, kisanduku kinachogawa mtandao.

"Chipu ya humu inajua kupanga foleni," akatuambia. "Sasa daktari anapita kwanza. Nyinyi mtangoja."

Mpira wetu ukakwama kwenye penalti. Mzee jirani yangu akaguna.

Mara mama akatoka akicheka, mkono tumboni. "Kumbe ni mapacha, na wamelala vizuri."

"Basi mpira ungoje," mzee akasema, akimpisha kwenye benchi.

Barabarani, hata ambulensi hatuipishi hivyo.