Maua ya Zambarau Nyuma ya Jiko

Fundi viatu alioa akiwa na miaka arobaini na sita, watu wameshakata tamaa naye. Tena alihamia yeye kwa mke, na vyote alivyokuwa navyo vikaenea kwenye mkokoteni mmoja. Majirani wakapata la kusema. "Fundi kaolewa," walimtania, naye akawajibu, "Nimeolewa, na natunzwa."

Mke alikuwa mjane mwenye binti wa miaka kumi na mitatu. Binti hakuwa mtovu wa adabu. Shikamoo alimpa Fundi asubuhi na jioni, kisha akaingia chumbani na kurudishia mlango. Maneno mengine yote yalikuwa ya mama yake.

Nyuma ya jiko palikuwa na kichaka cha maua ya zambarau, yale yenye bua refu na kichwa cha duara. Marehemu baba aliyapanda binti alipozaliwa. Hayakuwa maua ya msimu mmoja. Kila mwaka yalichipua palepale. Lakini sasa yalibaki majani matupu. Fundi, ambaye hakuwahi kupanda hata mchicha, akaanza kuyapalilia na kuyatilia mbolea ya kuku. Majani yakanenepa. Ua, hakuna.

Muuza miche wa barabarani akamwambia, "Yamebanana hayo. Yang'oe, uyagawe, uyapande kwa nafasi."

Mkewe alipoelezwa alisema, "Hayo ni ya mtoto. Muulize mwenyewe."

Fundi akapiga moyo konde, akayasema mezani kama alivyoambiwa na muuza miche.

"Usiyaguse," binti alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Tafadhali."

"Sitayagusa."

Na kweli hakuyagusa, ila kuyamwagilia.

Mvua zikaja, zikapita. Jumamosi moja Fundi alikuwa uani akishona soli, binti akasimama mbele yake, mikono imejaa udongo.

"Katikati yanaoza," alisema. "Tuyagawe."

Wakachimba pamoja. Fungu likatoka zima, kubwa kama beseni, mizizi minene imeshikana. Fundi akampa kisu chake cha kukatia ngozi.

"Kata wewe. Ni ya baba yako."

Binti aliinua kisu, akakishusha. Akalia bila sauti, mabega tu yakitikisika. Fundi hakujua aiweke wapi mikono yake. Mwishowe akapiga magoti upande wa pili, akalishika lile fungu lisiyumbe.

"Hakuna haraka," alisema. "Nimelishika."

Binti akakata. Walipokuwa wakifukia vipande kando ya ukuta, akasema, "Baba alikuwa akichimba huku anaimba."

"Vizuri?"

"Vibaya sana."

Wakacheka wote wawili, hata mama akachungulia dirishani kuona kulikoni.

Mwaka ule hayakutoa kitu. "Mmeyaua," mama alisema.

Mwaka uliofuata yakatoa, ukuta mzima. Binti alikuwa shule ya bweni, na Fundi hakuruhusu mtu akate hata moja. Siku ya kufunga shule binti alipitia mlango wa nyuma, begi bado mgongoni, akasimama mbele ya maua kitambo kirefu.

"Lile la pembeni halipati jua," alisema. "Kesho tulihamishe, kabla hujaenda kazini."

"Sawa, mama," Fundi akamjibu, akamtua begi.