Ngazi ya Tano

Fundi alichoka kabla hata gari halijazimwa. Si kwa safari. Safari ilikuwa ya saa tatu tu, na binti yake ni muuguzi, anaendesha gari kama anavyochoma sindano: polepole, huku akikuhakikishia kwamba haiumi. Alichoka kwa kujua anakokwenda.

Wazo lilikuwa la mjukuu, mtoto wa kike wa miaka minane waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haujui likizo. Alikuwa amesikia kwamba mama yake alikulia mtaa ule, akataka auone kwa macho yake. Babu alitoa sababu zote alizokuwa nazo: magoti, jua, mtaa umebadilika, wanaomjua wamehama au wamezikwa. Mtoto alizisikiliza zote kwa adabu, kisha akauliza wanaondoka saa ngapi.

Mtaa kweli ulikuwa umebadilika. Ghala la mbao limekuwa duka la simu, na kibanda cha kinyozi kimekatwa nusu kupisha barabara. Ila mteremko ulikuwa uleule, na juu yake ile nyumba, sasa imepakwa rangi ya njano ambayo Fundi asingempakia hata adui yake. Na mbele ya mlango, ngazi tano za saruji.

Alikuwa mwashi miaka arobaini. Kuta alizowajengea watu hadi leo unaweza kuziwekea timazi na uzi ukanyooka sawa na ukuta. Nyumba yake mwenyewe aliijenga jioni na Jumapili, mikono ikiwa imeshachoshwa na nyumba za wengine. Wanasema kinyozi hajinyoi. Huyu alijinyoa, akajikata. Alipopima ngazi alihesabu urefu kutoka kwenye zege tupu, akasahau kwamba juu ya zege itakuja sakafu. Sakafu ilipokuja, ngazi ya tano, ile ya kuingia ndani, ikawa imezidi nyingine kwa vidole viwili. Kosa la mwanagenzi wa wiki ya kwanza.

Angeweza kuvunja na kuanza upya, kazi ya siku moja. Lakini majirani walikuwa wamesimama pale wakimsifu, na aibu ikamshika ulimi. Akasema amefanya makusudi, maji ya mvua yasiingie ndani. Mkewe akaipokea habari hiyo, na kila mgeni aliyejikwaa akamweleza hivyohivyo, tena kwa fahari. Fundi mwenyewe alijikwaa pale miaka ishirini na sita, na kila mara akalaumu ndala zake. Kuinua mguu ingekuwa sawa na kukiri. Kwa nini mke na watoto hawajikwai, hakuuliza.

Kisha asubuhi moja mkewe alirudi sokoni na kikapu kizito, mguu ukagonga ukingo wa ngazi ya tano, akaanguka hadi chini. Nyonga ikavunjika. Kulikuwa na manyunyu, kwa hiyo Fundi akamwambia kila mtu, binti yake akiwemo, kwamba ni utelezi. Walihamia kwa binti ili mgonjwa apate wa kumwangalia, nyumba ikapangishwa, lakini hakutembea vizuri tena, na mwaka wa tatu wakamzika. Tangu hapo imepita miaka tisa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na Fundi aliamini kata ni yeye peke yake. Ndiyo maana aliogopa safari hii: binti yake atapanda ngazi zile baada ya miaka mingi, atajikwaa, atatazama chini jinsi muuguzi anavyotazama kidonda, na atajua nani alimwangusha mama yake.

Mama mpangaji alikuwa mlangoni akichambua maharage. Aliposikia ni nani wamekuja aliweka ungo kando, akawakaribisha, akawaonya waangalie hapo juu, panakwaza watu. Onyo halikumwahi Chiriku. Alikuwa ameshapanda mbio, akajikwaa, akatua kwa viganja sebuleni, akainuka akicheka.

Binti akafuata. Alikuwa akiongea na mwenyeji, macho usoni kwake, mkoba mkononi. Moja, mbili, tatu, nne. Kwenye ya tano mguu wake ukapanda juu zaidi, wenyewe, bila kuulizwa, akaingia ndani.

Fundi alikuwa bado chini. Akakaa kwenye ngazi ya pili. Binti alipogeuka kumtafuta, akamkuta anamtazama miguu.

"Umeinua mguu," Fundi alisema.

"Ndiyo, baba."

Akashuka, akakaa kando yake, na akamweleza kwa sauti ya chini mwenyeji asisikie. Wiki ile ile walipohamia nyumba hii, mama yake alichukua mpini wa ufagio, akapima ngazi moja moja kwa alama za mkaa. Nne zilikuwa sawa, ya tano ikapita alama. Akawaita watoto akawafundisha kupanda: moja, mbili, tatu, nne, inua.

"Alisema, 'Baba yenu amekosea hapa, lakini amejenga akiwa amechoka. Atakayemwambia nitamkata masikio.'"

Fundi akauliza mkewe alisema nini hospitali, alipovunjika nyonga.

"Aliniambia ni ngazi hii. Kwamba siku ile kikapu kilikuwa kizito, akasahau kuinua. Na nisikwambie." Binti alifuta vumbi kwenye goti la baba yake, vumbi ambalo halikuwepo. "Nilikukasirikia, baba. Mwaka mzima. Si kwa ngazi. Kwa lile neno lako la utelezi."

"Halafu?"

"Halafu nikachoka."

Fundi aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Miaka yote alidhani anawaficha wenzake. Kumbe aliyekuwa akifichwa ni yeye, ndani ya nyumba yake, na mke aliyejua kila kitu na bado akamsifu mbele ya wageni. Alimlilia hapohapo, kidogo, kama mzee anavyolia, zaidi puani kuliko machoni.

Chiriku alikuwa amerudi mlangoni, anapima ngazi kwa kiganja. Akauliza kwa nini hii moja ni ndefu.

"Nilikosea," babu yake alisema. "Nilisahau unene wa sakafu."

"Sasa kwa nini hukuivunja?"

"Niliona haya."

Mtoto alifikiri kidogo, akaona jibu linatosha. Akashuka, akamshika mkono, akamsimamisha na magoti yake yote, wakaanza kupanda huku akimhesabia. Mama mpangaji alisogeza ungo wake kuwapisha.

"Inua, babu."

Akainua, na kwa mara ya kwanza akaingia nyumbani kwake bila kujikwaa.