Chebet Hajui Kifaransa

Leo binamu yangu Chebet ametafsiri filamu ya Kifaransa, na hajui hata neno moja la lugha hiyo.

Mimi ndiye niliyekisoma hadi kidato cha nne.

Mwenye ukumbi wa video hapa mtaani Free Area alitaka mtu wa kutafsiri filamu kwa maiki kila Jumamosi, na leo ilikuwa siku ya majaribio. Nilijiandaa wiki nzima. Filamu yenyewe ni ya gereza la miaka ya hamsini: kijana mwoga anafungwa, mwishowe anakuwa mkubwa wa majambazi wote.

Nilishika maiki dakika mbili.

"Siste, ongeza sauti, kwani unaungama?" mtazamaji mmoja akapaza sauti.

Watu wakacheka. Chebet akaichukua maiki, akasema kijana ametoka Kabazi, hapa karibu, na jela imemnyima ugali. Wakavunjika mbavu.

Kisha, kwenye filamu, mama wa kijana akaja kumwona gerezani. Chebet akaishiwa na mzaha, akaniinamia. "Kijana anasema nini?"

Ningeweza kunyamaza.

"Anasema, mama, hapa wote wananiogopa na hakuna anayenijua."

Chebet akayarudia maneno hayo kwenye maiki. Ukumbi ukatulia.

Mathe mmoja, mama wa mstari wa mbele, akamshika Chebet mkono. "Msichana, unajua Kifaransa."

Mimi ndiye niliyejibu, "Asante."

Hakuna aliyesikia. Kazi amepewa Chebet, na anataka nikae kando yake Jumamosi.

Nyinyi mngeenda?