Nilipomjibia Mama

Mwezi jana nilirudi kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai nilikoishi nikiwa mdogo, upande wa Kericho, kumsaidia baba kuhama. Amestaafu, na nyumba zinabomolewa, maana siku hizi mashine moja inafanya kazi ya wachumaji wa laini nzima. Nilifika asubuhi ukungu ukiwa bado umelala juu ya majani. Ile harufu ya chai inayokaushwa kiwandani ikaniingia puani na, haki ya nani rafiki yangu, nikawa na miaka tisa tena.

Kama hujawahi kuishi huko, wacha nikueleze. Mvua ilikuja kila siku saa tisa, hata saa ya ukutani hukuihitaji. Wachumaji walirudi kutoka kupima majani wakiwa bado na aproni zao za plastiki, na kila jiko likaanza kutoa moshi. Kwetu kulikuwa na ugali na saga, ile mboga chungu ya majani, iliyolazwa kwenye maziwa mpaka uchungu ukaisha. Sijaonja tena saga kama ile, na nimejaribu.

Baba ndiye aliyepika. Mama alikuwa ameondoka, amerudi kwao Kaplong, na alitaka kunichukua. Baba akakataa. Wakapelekana kortini waamuliwe nitakaa na nani.

Baba hakuwa na wakili. "Mtoto ni wangu, mdomo ni wangu, nitajisemea," akasema. Karani wa korti akamweleza kwamba siku ikifika atasimama yeye mwenyewe amuulize mama maswali. Basi akanunua kitabu cha kaunta, lile daftari nene, akaandika maswali kwa herufi kubwa, na kila jioni mvua ikinyesha tukafanya mazoezi jikoni. Jirani yetu, mama mmoja kutoka Kisii mwenye sauti ya kuita ng'ombe, ndiye alikuwa hakimu, amekalia debe la unga. Mimi nilikuwa mama. Nani mwingine angekuwa? Nilijifunga leso aliyoiacha kwenye kamba, nikasimama kando ya mlango.

Usinicheke, lakini nilizipenda sana jioni zile. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na sasa alikuwa ananisemesha kila siku. Mvua ikizidi juu ya mabati, jirani aligonga meza kwa kijiko: "Korti isimame! Hakimu hasikii kitu!" Tukanywa chai tukingoja. Baba akikaza sauti, jirani alimrudi hapo hapo. "Wewe mzee, uliza pole pole. Huyu si mwizi, ni bibi yako."

Jioni moja tukafika swali kubwa: "Kwa nini ulitoka kwangu?" Siku zote nilijibu "Sijui," vile baba alivyoniandikia. Siku hiyo, sijui ni ile leso, sijui ni nini, nikasema, "Kwa sababu ukikasirika hunisemeshi. Wiki mbili naongea na sufuria." Ndivyo mama alivyokuwa akilalamika akisonga ugali, nami niko pale pale. Baba akafunga kitabu. Jirani, ambaye hakuwahi kukosa neno, akasema tu korti iende nyumbani.

Siku ya kesi baba alivaa koti lake la kanisani. Akamuuliza mama swali lile lile, na mama akajibu karibu kama nilivyojibu mimi. Baba akakitazama kitabu chake, akakifunga. Kisha akasema, "Ni kweli, Mheshimiwa," akakaa, na maswali mengine yote hakuyauliza.

Baadaye hakimu wa kweli, mama mpole wa miwani, aliniita ofisini kwake peke yangu. Akaniahidi hatamwambia mtu, halafu akaniuliza ningependa kukaa na nani. Nilimpenda baba. Nakuapia nilimpenda kuliko kitu chochote. Lakini nilikuwa nimemjibia mama jioni nyingi mno, na nikamwaza kule Kaplong akiongea na sufuria. Nikasema, "Mama."

Baba akapewa likizo zangu. Agosti na Desemba alinisemesha mpaka usingizi ukanichukua mezani. Sasa jirani amerudi kwao Kisii, laini ya juu imebaki mawe na matope, na mahali wamama walipokuwa wakiitana kwa vicheko nilisikia mashine tu.

Tulipomaliza kufunga mizigo baba alikaa juu ya godoro, akatazama nje.

"Unajua, ningekuwa na wakili siku ile, ungekulia hapa," akasema. "Mimi sikujua kuuliza."

Miaka yote hiyo amejilaumu, nami nimemwacha ajilaumu. Naona haya hata kukuambia. Nilifungua mdomo nimwambie ni mimi niliyemchagua mama, mdomo ukakataa.

"Baba, uliuliza vizuri sana," nikasema.

Akatabasamu kama mtoto aliyesifiwa na mwalimu, akainuka, akaanza kutoa viti. Nikamfuata na godoro kichwani, nikishukuru kwamba limenifunika uso.