Aliyesema Imewaka

Kabla hujaniita mwongo, jua kwamba balbu yenyewe ninayo. Nimeifunga kwenye kitambaa ndani ya sanduku langu hapa Kiplombe, na wajukuu wamekatazwa kuigusa. Mtu anaweza kuzua uongo, ndiyo, lakini auhifadhi sandukuni miaka yote hii kwa faida gani?

Ilikuwa siku za masetla, wale Wazungu wa mashamba, wakati Eldoret tukiiita Sisibo. Nilikuwa fundi wa umeme wa magari katika gereji ya Mhindi mmoja, na kusema kweli nilikuwa najiona. Nilikuwa nikisikiliza gari mara moja tu nishasema ugonjwa wake. Majivuno hayo yalinigharimu, utaona.

Mchana mmoja wa mvua likaletwa gari la shamba kutoka upande wa Cheptiret, yale ya turubai nyuma, yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Gari hilo lilikuwa limeua mtu. Siku chache kabla, alfajiri, wakati wa kupakia makopo ya maziwa, dreva wake, jina lake Barasa, alirudi nyuma akamkanyaga mzee wa zizi. Barasa alikuwa ndani kwa polisi. Yeye alisema taa ya kurudi nyuma haikuwaka, kwa hiyo hakuona kitu. Setla mwenye gari alisema taa ilikuwa mpya, inawaka vizuri, na dreva ni mzembe. Polisi wakataka fundi apime na aandike: inawaka au haiwaki. Neno moja lingemfunga Barasa, jingine lingemrudisha kwa watoto wake. Na neno hilo lilikuwa langu.

Sasa elewa, kupima taa ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani, mwingine anasimama nyuma na kupaza sauti. Wa mbele anauliza, wa nyuma anajibu, basi. Nyuma nilimweka Wafula, mchomeleaji wetu, maana turubai lilikuwa limeshushwa na mtu wa mbele haoni chochote.

Nilianza na taa yenyewe. Nilitoa balbu nikaitazama kwenye mwanga wa mlango, nikaona uzi wake mzima. Nikasugua kikalio chake kwa msasa. Hapo tajiri wangu, yule Mhindi, akaniita kwa ukali, kwamba yule setla anangoja ofisini na hataki kuchelewa. Nikapanda haraka, nikafungua swichi, nikaingiza gia ya rivasi, ile ya kurudi nyuma inayowasha taa hiyo.

"Imewaka?"

"Imewaka!"

Kisha nikasikia kiganja kikipiga bodi la gari mara mbili, pa, pa. Nikatoa gia.

"Na sasa?"

"Imezima!" Pa, pa.

Nilirudia mara tatu. Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba sauti ilinifikia kwa mbali, lakini niliisikia, nakuapia. Nikaenda ofisini nikaandika kwamba taa inawaka na haina kasoro, nikatia saini. Setla akaikunja karatasi akaitia mfukoni. Nilimhurumia Barasa kidogo, lakini nikajiambia taa haina undugu na mtu.

Nikitoka ofisini nikakutana na Wafula anaingia getini, amelowa chapachapa, ana birika la chai mkononi.

"Unatoka wapi wewe?" nikamuuliza.

"Si tajiri alinituma chai? Niliondoka ukiwa bado unasugua ile taa."

"Na nani alikuwa anajibu huko nyuma?"

"Kujibu nini?"

Nilicheka, nikidhani ananitania. Nikatia mkono kwenye mfuko wa shati kutafuta sigara, na vidole vikagusa kitu cha kioo. Ilikuwa balbu. Sikuwa nimeirudisha. Taa ile haikuwa na balbu, ndugu yangu! Sasa ni nini kilichowaka mara tatu? Nani alikiona?

Mtu mwenye akili angekimbia. Mimi akili ilikuwa imenivurugika, sikujua ninafanya nini. Nilirudi nikapanda garini, nikaingiza rivasi, balbu nimeishika mkononi.

"Imewaka?" nikauliza, na sauti yangu sikuitambua.

"Imewaka!" Pa, pa.

Sijui nilipata wapi ujasiri, lakini nikauliza, "Na siku ile?"

Mvua tu. Nilikuwa nimeshaanza kufungua mlango nishuke, ndipo nikasikia, safari hii karibu sana na sikio langu, kama mtu ameegemea turubai.

"Siku ile palikuwa na giza, kijana."

Niliruka chini, nikazunguka nyuma. Hakukuwa na mtu, wala alama ya mguu kwenye vumbi la gereji ila wangu na wa Wafula. Nikalala chini ya gari nikaufuata waya wa taa, kitu nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Karibu na giaboksi ulikuwa umekatika, na ncha zake zimeota kutu ya kijani. Kutu ya namna hiyo haioti kwa wiki moja wala mbili. Barasa alikuwa amesema kweli.

Nikarudi ofisini nikamwambia yule setla kwamba nimekosea, taa haiwaki.

"Wewe kwisha weka saini," akasema. "Nani alikwambia taa iko sawa?"

Hebu niambie, ningemjibu nini? Wafula alinitazama kutoka mlangoni. Nilitaka kusema ukweli wote, nikaona nitapelekwa Mathari, hospitali ya wendawazimu. Basi nikasema ule mdogo: "Sikuangalia mwenyewe, Bwana."

Jioni hiyo nilifukuzwa kazi. Nilikwenda kwa polisi kwa miguu, nikaeleza hali ya waya, wakaja kuuangalia wenyewe. Barasa aliachiliwa. Alipokuja kunishukuru nilimuuliza jambo moja tu: yule mzee marehemu alikuwa na kazi gani asubuhi?

"Kunielekeza nikirudi nyuma," akasema. "Nikifika mahali pa kusimama anapiga bodi kwa kiganja mara mbili." Akalia, nami nikalia.

Kwa nini mzee alisema imewaka wakati balbu iko mfukoni kwangu? Nimeulizwa na padri, nimeulizwa na mke wangu, na sijapata jibu. Labda huko aliko anaona mwanga sisi hatuuoni. Labda alikuwa anafanya tu kazi aliyoizoea. Sijui, na kutojua huko kumenizeesha.

Ninachojua ni kwamba hakuniacha. Mpaka leo nikiwa peke yangu na gari, mvua ikinyesha, nikiingiza rivasi namsikia: "Imewaka!" Pa, pa. Sikimbii tena. Najibu, "Asante, Mzee," kisha nashuka, nazunguka, naangalia kwa macho yangu. Na wewe fanya hivyo hivyo. Usitie saini yako juu ya taa uliyoambiwa, hata kama sauti ya aliyekuambia unaifahamu.