Alama ya Kidole Kwenye Chumvi

Nakumbuka siku moja ya joto kali hapa Maskati, mwanangu, nilipokuwa msichana na kiburi kimenikaa vizuri kuliko buibui langu. Nilikuwa nimeanza kazi Darsait, katika maabara ya kupima mafuta yanayotiwa ndani ya transfoma za umeme. Mafuta yale yakiingia maji, transfoma huweza kuripuka, kwa hivyo kila pipa lilipimwa kwanza.

Siku hizi mashine zenu hutoa jibu hata hamjavuta kiti. Ya kwetu ilikuwa kubwa kama kabati, na kalamu yake ikichora mstari kwenye karatasi. Unatia mafuta baina ya vioo viwili, unapitisha mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, na kila kilichomo ndani ya mafuta hula sehemu yake ya mwanga. Maji yana mahali pake, asidi ya mafuta yaliyochakaa ina mahali pake. Mstari ukizama pale, umeyapata. Lakini vile tulivyoviita vioo havikuwa vioo, maana kioo chenyewe huuzuia mwanga ule. Vilikuwa vibao vya chumvi, vimesuguliwa mpaka vikang'aa. Na chumvi ikikutana na maji huwa nini, hilo halihitaji digrii.

Siku hiyo mtunza ghala wetu, Mzee Seif, alikuwa amepata mjukuu wa kwanza. Alituletea halua na birika la kahawa. Tukala kwa vidole kama ilivyo desturi, tukavichovya katika bakuli la maji, tukajifuta juu juu. Mie nikarudi kwenye mashine nikakishika kibao cha chumvi kwa mkono uleule. Nikapima mapipa sita, na yote yakaonyesha maji.

Sikujiuliza. Nyani haoni kundule, na mie sikuuona mkono wangu. Niliandika kwamba ghala limetunzwa vibaya, mapipa yameachwa wazi yakanywa unyevu, nikatia sahihi yangu kwa madaha. Haki ilikuwa nimngoje Bi Nasra, mkuu wa maabara, aliyekuwa safarini Suhar. Sikumngoja, niliipeleka ripoti moja kwa moja kwa meneja, na yeye hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Jioni ileile Mzee Seif alinyang'anywa funguo mbele ya wapakizi, akaambiwa akae nyumbani.

Asubuhi ya pili yake nilikiinua kibao kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa na ukungu, na ndani ya ukungu mistari ya kidole gumba, imeila chumvi, wazi kabisa. Nikaweka kidole changu juu yake. Kikaenea sawasawa.

Hapa ndipo penye kosa langu, mwanangu. Ule mkono wa maji ulikuwa uzembe, na uzembe hufundishika. Lakini mie nilikizungushia kibao kitambaa, nikakitia ndani ya droo. Nilikuwa wa kwanza katika wasichana wa ukoo wetu kupata kazi kama ile, nikaogopa kufukuzwa. Nikajiambia ningoje, labda mambo yatapoa yenyewe. Ngojangoja huumiza matumbo. Usije ukadhani bibi yako kazaliwa na tasbihi mkononi.

Siku tatu baada ya ripoti ile Bi Nasra alirudi, akaisoma ripoti amesimama. Alikuwa mzaliwa wa Unguja, mfupi, wala hapandishi sauti.

"Mapipa sita," akasema, "na maji sawasawa katika yote. Kwani yamegawiwa kwa kijiko? Kiko wapi kibao ulichopimia?"

Nikafungua droo. Akakitazama, kisha akanitazama mie.

"Umekiona lini?"

"Juzi, bibi."

"Mkono wa maji ningekusamehe hapahapa. Heri kujikwaa dole kuliko ulimi, na wewe umejikwaa vyote viwili, kisha ukanyamaza. Pima upya. Halafu utakwenda kwa Mzee Seif wewe mwenyewe, mie sikuandikii barua."

Nilikausha mikono, nikavaa glavu, nikachukua vibao vipya. Mafuta yalikuwa makavu, mapipa yote sita. Meneja akaifuta ripoti yangu, nikapewa funguo nimrudishie mwenyewe.

Mzee Seif alikuwa akikaa Hamriya. Nilimkuta sebuleni amevaa kanzu yake ya kazini, mjukuu yuko mapajani. Mkewe alikuwa hajui kitu, kaambiwa ni likizo kwa ajili ya mtoto. Alipoingia jikoni kutengeneza kahawa nikamweleza mumewe yote, na habari ya droo pia.

"Nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Funguo nitazichukua. Lakini siku tatu hizi namtazama mtoto huyu usoni, najiona kama mwizi. Nani atanirudishia siku zangu?"

Ningesema asubuhi ile nilipokiona kibao, angelala na aibu usiku mmoja tu. Zile siku tatu nilimlia mie, kwa woga wangu. Mwenyewe keshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu.

Basi wasia wangu ni huu. Kabla hujampima mwenzio, kitazame kwanza chombo chako na mkono uliokishika. Na ukikosea, maana utakosea, sema saa ileile unapojua, hata kama sauti inatetemeka. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kuumbuka si kitu, utaumbuka na utaishi. Kibaya ni kwamba kila saa unayonyamaza inakatwa katika umri wa mtu mwengine, na umri haurudishwi na mashine wala msamaha.

Mwenyezi Mungu akupe mkono wenye amana, mwanangu, na akupe ulimi mwepesi wa kusema nimekosa. Na akuepushe na kula siku za mtu. Amina.