Paja la Mama Mkwe

Mara ya kwanza Beya kukutana na Mama Mujinga, alitoka amepunjwa. Alikwenda sokoni Manika kununua samaki wa chumvi, akavutana naye bei, na yule mama akashuka, akashuka tena, akiapa kwamba batoto bake watalala njaa. Beya alirudi nyumbani anajisifu, mpaka alipofungua gazeti alilofungiwa samaki: juu samaki wawili wanono, chini vichwa vitupu. Kesho yake akarudi kugomba.

"We ulibishana bei, haukubishana samaki," Mama akamwambia. "Nani alikukataza kuangalia chini?"

Nyuma ya meza, binti yake Elise alificha kicheko ndani ya kitenge. Beya akanunua tena. Akanunua wiki kwa wiki, majirani wakamuuliza kama anafuga paka. Mwisho akatuma wazee, posa ikakubaliwa, mahari ya kwanza ikapokelewa. Tangu siku hiyo samaki wa pale wakawa marufuku kwake, maana kwa Wakasai, kabila la Mama, mkwe na mama mkwe hawatazamani. Beya akimwona barabarani, anakata kona. Mama naye anajifunika uso, anapita kwa pembeni.

Mama Mujinga alikuwa amejijenga mwenyewe. Marehemu mumewe, mfanyakazi wa mgodi, alimwachia nyumba isiyo na milango. Milango aliinunua kwa samaki, mmoja mmoja. Lakini moyo ulichoka. Vali moja, kilango cha kupitisha damu, ilikakamaa kama bawaba yenye kutu, akipanda kilima anasimama kutweta.

Ndipo madaktari wageni wakaja kwenye kliniki ya binafsi ambako Beya alikuwa muuguzi. Hao hawapasui kifua. Wanaingia kwenye mshipa mkubwa wa damu, pale kwenye kinena, wanasukuma vali mpya ndani ya bomba jembamba mpaka moyoni, wanaiacha huko, wanatoka. Linabaki tundu walilopitia. Wanaliziba kwa kizibo kidogo chenye uzi, kisha mgonjwa analala chali, mguu umenyooka, asiukunje kwa lolote. Beya ndiye aliyewasihi mpaka jina la Mama likakubaliwa. Kwa sababu ya ukwe, ikapangwa atunzwe na Rachelle, muuguzi mwenzake, na Beya asikanyage chumba kile.

Vali ilikaa vizuri. Alasiri Rachelle aliitwa chumba cha upasuaji kwa mgonjwa mwingine, na mashine ya Mama ikaanza kulia. Ni waya tu ulikuwa umechomoka kidoleni, lakini aliye nje ya mlango angejuaje? Beya akausukuma, akaingia.

Mama akamwona mkwe. Desturi ya maisha yote haikumbuki daktari alisema nini: aligeukia ukutani, akavuta shuka, akakunja mguu. Kizibo kikaachia. Shuka likalowa damu.

Beya akapiga kelele kuita watu, na hapo hapo akaweka vidole juu kidogo ya tundu, akautafuta mshipa unaodunda, akaukandamiza kwa uzito wake wote.

"We! Fumba macho!" Mama akafoka.

"Nikifumba, Mama, sitaona damu."

"Basi geuka kwa ukuta!"

Akageuka. Akakandamiza kwa kupapasa, shingo imepinda. Hakuna aliyekuja. Akilegeza, vidole vinalowa. Akikaza, damu inatulia.

"Tata Beya," Mama akamwita kwa heshima, sauti imepungua. "Nitakufa?"

"Usipokunja mguu, hapana."

"Basi finya. Bantu bakiuliza, tunasema ni Rachelle. Mi nitasema, na we utasema. Kinywa kimoja."

"Kinywa kimoja, Mama."

Akashikilia mpaka damu ikakubali kuganda, na Rachelle aliporudi akalaza kifuko cha mchanga pale pale.

Mama akarudi sokoni, kilima anakipanda bila kusimama. Kikao cha kupanga siku ya ndoa kilipokuwa kinasubiriwa, gari la Kabamba, mnunuzi wa madini kutoka Fungurume, likaanza kuonekana uani kwake. Alileta friji kubwa ya kuwekea samaki. Beya aliambiwa ni mteja.

Siku ya kikao Ntambwe, kaka mkubwa wa Mama, ndiye aliyeuliza.

"Tata Beya, tunasikia kule kliniki mukono wa mwanaume uligusa dada yetu. Ni mukono ya nani?"

Beya akatazama chini. "Ni Rachelle, mjomba. Mwanamke."

"Anadanganya," Mama akasema, kitenge kiko usoni. "Ni yeye. Mi nilikuwa na macho."

Ntambwe akatikisa kichwa polepole. "Kugusa kuna dawa yake. Ungesema, ungeleta mbuzi, tungekula na kucheka, tuseme mutoto ameokoa mama. Lakini mutu anakuja kuoa kwetu na uongo, huyo tumupe mutoto?"

Beya akamtazama Elise. Alikuwa amemsimulia yote, tangu mlango mpaka kifuko cha mchanga. Elise akafungua mdomo. Mama yake akakohoa. Elise akainamia sinia na kuanza kupanga chupa za soda.

Posa ikavunjwa. Getini Mama alimfuata Beya, kitenge amekishusha mabegani. Beya hakuwa tena mkwe wa kufichwa uso.

"Ulijua mbuzi ingetosha?" Beya akauliza.

"Nimezaliwa ndani ya desturi hii, nisijue?"

"Siku ile uliniomba, Mama."

"Siku ile nilikuwa natafuta kupona. Leo natafutia mutoto nyumba. Kabamba iko na nyumba, iko na gari. We uko na nini? Mikono."

Mahari ilirudishwa, isipokuwa ile iliyokwisha kuliwa. Elise akaenda Fungurume. Mama akaanza kuuza samaki wa barafu.

Siku ya Mama kurudi kliniki kupimwa ilipofika, Rachelle alijitokeza kumhudumia. Mama akamkataa, akamtaka Beya: ameuliza watu, akaambiwa hakuna anayejua majeraha ya paja kama yeye. Akalala, akajifunua bila haya. Beya akapapasa. Mshipa ulidunda sawasawa, kovu dogo kama punje ya mahindi.

"Pamefunga?"

"Pamefunga."

"Elise hajambo," Mama akasema bila kuulizwa. "Iko na mimba."

Beya akamfunika shuka. Katika ukoo ule amebakiwa na paja lililopona, na ruhusa ya kulitazama.